Maikrofoni ya Bei Nafuu Nyumbani: Dalili za Hitilafu, Visababishi na Utatuzi Wake

Anayerekodi nyumbani kwa maikrofoni ya bei nafuu, awe anasoma utenzi, anaandaa kipindi cha mazungumzo au anarekodi masomo ya wanafunzi wake, hukutana na hitilafu zilezile ambazo wenzake wamekwisha kukutana nazo: sauti haiingii, sauti iko mbali, sauti inavuma, sauti inapasuka. Jambo la kwanza linalomjia akilini huwa ni kwamba maikrofoni ni mbovu na kwamba anapaswa kutafuta fedha za kununua nyingine. Katika mara nyingi nilizoitwa kusaidia, maikrofoni yenyewe ilikuwa nzima, na kosa lilikuwa kwenye chumba, kwenye waya au kwenye umbali kati ya mdomo na chombo. Ndiyo maana mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili nimeanza na kisababishi ninachokikuta mara nyingi zaidi, ambacho kwa kawaida hakigharimu chochote kukikagua.

Kabla ya kugusa chochote, fanya rekodi ya majaribio. Kaa kimya kwa sekunde 10, soma sentensi mbili kwa sauti yako ya kawaida, kisha piga kofi moja kubwa. Isikilize kwa hedifoni zenye waya, kwa kuwa spika za kompyuta mpakato huficha mengi. Kimya kitakuonyesha mvumo wa umeme na kelele za nyumba, sentensi zitakuonyesha umbali na kiwango cha sauti inayoingia, na kofi litakuonyesha jinsi chumba kinavyorudisha mwangwi. Hifadhi rekodi hiyo, na kila unapobadilisha jambo moja urekodi tena na ulinganishe. Ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja, hutajua ni lipi lililokusaidia.

Inafaa pia ujue uliyo nayo ni ya aina gani. Maikrofoni ya dainamiki ina koili ndogo inayocheza ndani ya sumaku, haihitaji umeme, na husikia zaidi kilicho karibu nayo kwa sababu si kali katika kusikia. Maikrofoni ya kondensa ina utando mwembamba sana unaohitaji umeme, nayo husikia kila kitu, pamoja na jogoo wa jirani na bodaboda inayopita njiani.

Sauti haiingii kabisa, au inaingia hafifu mno

Kisababishi kikuu ni kwamba kompyuta inasikiliza maikrofoni nyingine, yaani ile iliyojengwa ndani yake. Ukaguzi wake ni rahisi: anza kurekodi, kwaruza wavu wa maikrofoni yako kwa ukucha, kisha kwaruza ukingo wa kioo cha kompyuta. Ikiwa mkwaruzo wa kompyuta ndio uliosikika kwa nguvu, maikrofoni yako haijawahi kutumika, na unachotakiwa kufanya ni kuichagua katika mipangilio ya programu unayorekodia. Nimewahi kumkuta mwalimu aliyerekodi masomo ya wiki nzima huku maikrofoni nzuri ikiwa mbele ya mdomo wake, naye akilalamika kwamba haina tofauti na ya kompyuta. Alikuwa sahihi, kwa kuwa aliyokuwa akiisikia ilikuwa ya kompyuta.

Ikiwa hakuna mkwaruzo wowote unaosikika, angalia kama Windows au simu imeiruhusu programu yako kutumia maikrofoni, ruhusa ambayo hupatikana katika mipangilio ya faragha. Kisha angalia swichi ya kuzima iliyo kwenye mwili wa maikrofoni. Kwa maikrofoni za USB, jaribu kebo nyingine, kwa sababu baadhi ya kebo zinazouzwa na chaja za simu zina nyaya za umeme tu na hazipitishi taarifa. Taa ya maikrofoni itawaka, lakini kompyuta haitaiona. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, si kupitia kigawanyaji chenye matundu mengi.

Kama unatumia maikrofoni ya kondensa yenye plagi ya XLR, ile ya duara yenye pini 3, swali linalofuata ni umeme. Maikrofoni kama Audio-Technica AT2020 inahitaji volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti ya nje, yaani kisanduku kinachopokea kebo ya maikrofoni na kupeleka sauti kwenye kompyuta kwa USB. Kisanduku hicho kina kitufe kilichoandikwa 48V, nacho lazima kiwashwe. Punguza sauti yote kabla ya kukiwasha au kukizima, na usichomeke wala kuchomoa kebo wakati kimewashwa. Maikrofoni za dainamiki hazidhuriwi na umeme huo zikiwa kwenye kebo nzima ya XLR, lakini maikrofoni za utepe, yaani zenye utepe mwembamba wa chuma badala ya koili, zinaweza kuharibika, hivyo usiwashe kwa kubahatisha.

Hapa ndipo linapoingia tatizo la maikrofoni za kondensa za bei ya chini kabisa zinazouzwa kwa jina la BM-800. Huja na kebo yenye XLR upande mmoja na plagi ndogo ya milimita 3.5 upande wa pili, na mnunuzi huamini kwamba inatosha kuichomeka kwenye tundu la kompyuta. Tundu hilo hutoa volti chache tu. Maikrofoni hiyo hunyamaza, au hutoa sauti hafifu iliyozama ndani ya «shhh» isiyokwisha. Kumlaumu mnunuzi si haki, maana sanduku lenyewe humpa kebo hiyo. Dawa yake ni kisanduku kidogo cha kutoa volti 48 au kadi ya sauti ya nje, na kabla hujanunua kimojawapo soma sehemu ya mwisho ya mwongozo huu, kwa sababu fedha hiyo huenda ikafaa zaidi kwingine.

Kwa wanaorekodi kwa simu janja, tazama plagi ndogo na uhesabu mikanda myeusi iliyoizunguka. Plagi yenye mikanda 2 ni ya kamera na kompyuta, na simu haitaitambua bila adapta. Plagi yenye mikanda 3 ndiyo ya simu. Maikrofoni ya kubana kwenye nguo kama BOYA BY-M1 ina swichi ya kuchagua kati ya simu na kamera, na upande wa kamera hutumia betri ndogo ya LR44. Betri ikiisha, au swichi ikiachwa upande usio wake, dalili ni hiyohiyo ya kimya.

Ikiwa sauti inaingia lakini ni ndogo, na maikrofoni ni ya dainamiki, huenda hakuna hitilafu yoyote. Kwa sauti ileile, Shure SM58 hutoa milivolti 1.85 ilhali AT2020 hutoa milivolti 14.1, yaani zaidi ya mara saba. Sogea hadi upana wa vidole vinne kutoka kwenye wavu, kisha ongeza kiwango kwenye kadi ya sauti.

Usifungue kichwa cha maikrofoni ya kondensa ili kutafuta ubovu. Utando wake ukiguswa kwa kidole umekwisha, na hakuna fundi atakayeurudisha.

Sauti iko mbali, kama unazungumza ndani ya pipa

Hili ndilo lalamiko ninaloletewa zaidi, na ndilo linalowafanya watu wanunue vifaa wasivyovihitaji.

Anza na umbali. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti yako inayofika moja kwa moja hupungua kwa desibeli 6, lakini mwangwi wa chumba hubaki karibu vilevile. Mtu aliyeweka maikrofoni mezani, urefu wa mkono kutoka mdomoni, anarekodi chumba zaidi kuliko anavyojirekodi mwenyewe. Weka maikrofoni ya kondensa umbali wa shubiri moja, na ya dainamiki nusu ya hapo au chini zaidi. Rundo la vitabu chini ya stendi ya mezani linatosha kuiinua hadi usawa wa kidevu.

La pili ni upande. Maikrofoni nyingi za kondensa zenye mwili mnene husikia kwa ubavu, si kwa kichwani kama ile ya mwimbaji wa jukwaani. Anayeielekeza ncha yake mdomoni anazungumza na sehemu isiyosikia vizuri. Kwa kawaida upande wa mbele ndio wenye nembo au alama ndogo. Kama huna hakika, zungumza huku ukiizungusha taratibu, na upande ambao sauti inajaa na kuwa karibu ndio wake.

Baada ya hayo kuna chumba chenyewe. Nyumba zetu nyingi zina sakafu ya saruji au vigae, kuta za plasta, madirisha ya vioo na samani chache. Kila kimoja kati ya hivyo hurudisha sauti. Rudia kofi la majaribio. Ukisikia mlio unaoendelea baada ya kofi, chumba hicho hakifai kabla hakijavishwa kitu.

Watu hukivisha mahali pasipofaa. Maikrofoni nyingi za nyumbani husikia kilicho mbele yake na kupuuza kilicho nyuma yake. Kilicho mbele yake ni wewe pamoja na ukuta ulio mgongoni pako. Kwa hiyo blanketi zito au godoro lililosimamishwa linapaswa kuwa nyuma yako wewe unayezungumza, wala si nyuma ya maikrofoni, ingawa ngao za sponji zinazouzwa kwa ajili ya kuzungushiwa maikrofoni zinafanya ionekane kinyume chake. Siku moja nilimwomba rafiki arekodi beti zilezile mara mbili, mara ya kwanza akiupa mgongo ukuta mtupu, mara ya pili akilipa mgongo kabati la nguo lililofunguliwa milango yote miwili. Rekodi ya pili ilisikika kama imefanywa kwa chombo cha bei kubwa mara kadhaa zaidi, na hatukuwa tumegusa kitu kingine. Kitanda chenye shuka na mito, pazia nene, zulia na kanga zilizokunjwa mikunjo mingi ni bora kuliko wengi wanavyodhani.

Trei za mayai za karatasi hazisaidii kama inavyoaminiwa. Ni nyembamba mno kuzuia sauti nene, hazizuii kelele za nje hata kidogo, na hushika moto upesi. Ukizibandika karibu na soketi na taa umejiongezea hatari bila faida.

Kuhusu paa la mabati wakati wa mvua, hakuna maikrofoni wala programu itakayokuokoa. Subiri mvua ikatike.

Mvumo au kukoroma kusikokoma

Umeme wa Afrika Mashariki hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo mzito unaosikika nyuma ya sauti mara nyingi ndio huo, pamoja na milio ya juu yake. Hatua ya kwanza ni kuchomoa chaja ya kompyuta na kurekodi kwa betri. Mvumo ukitoweka, umepata jibu: rekodi kwa betri, au chomeka chaja na vifaa vyote vya sauti kwenye soketi moja ya ukutani badala ya soketi mbili tofauti.

Ukibaki, zima kimoja kimoja: feni, taa yenye kipunguza mwanga, friji iliyo chumba cha pili, kisha inveta ya sola kama ipo, kwa kuwa inveta za bei nafuu hutoa umeme uliojaa kelele. Sogeza kebo ya maikrofoni mbali na nyaya za umeme, na kama ni lazima zikutane, zivuke kwa msalaba zisilale pamoja. Mlio wa «tit-tit-tirit» unaokuja na kuondoka hutokana na simu iliyo karibu na kebo. Iweke katika hali ya ndegeni au ipeleke chumba kingine. Hatimaye badilisha kebo yenyewe. Kebo ya XLR ambayo pini namba 1, iliyo ya ngao, imeachia, huvuma kwa nguvu, na fundi wa redio anaweza kuilehemu kwa dakika chache.

Simama hapa ukihisi umeme. Ikiwa mkono au midomo inatekenywa unapogusa maikrofoni, au ukipigwa shoti hata ndogo, usiendelee kukagua. Zima swichi ya ukutani, chomoa vifaa vyote, na umwite fundi umeme mwenye leseni, ambayo Tanzania hutolewa na EWURA na Kenya hutolewa na EPRA. Usikubali ushauri wa kukata waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi, wala wa kung'oa pini ya tatu ya plagi ili mvumo uondoke. Ni kweli kwamba mvumo huweza kuondoka kwa njia hiyo, lakini waya huo ndio unaokulinda wakati kifaa kinapovuja umeme, na maikrofoni ni chuma unachokiweka mdomoni. Nalisema hili kwa uzito wote kwa sababu nimeona plagi za namna hiyo katika nyumba zenye watoto.

«Shhh» isiyokwisha nyuma ya sauti

Mara nyingi hutokana na kuongeza kiwango kupita kiasi ili kufidia umbali. Sogea, kisha punguza. Zima pia nyongeza ya sauti iliyo katika mipangilio ya maikrofoni ya Windows. Mabaki yanaweza kupunguzwa katika Audacity, programu isiyolipiwa, kwa kuionyesha zile sekunde za kimya ulizorekodi mwanzo ili ijifunze kelele ya kuondoa. Iondoe kwa kiasi. Ukizidisha, sauti itasikika kama inatoka chini ya maji.

Sauti inapasuka, au pumzi zinapiga

Kwanza tofautisha mawili. Ikiwa sauti inakwaruza kila unapoipandisha, kiwango ni kikubwa mno na mawimbi yanakatwa vichwa. Punguza kwenye kadi ya sauti, si kwenye programu, hadi sehemu zako za juu kabisa zifike kati ya desibeli hasi 12 na hasi 6 kwenye kipimo. Sauti iliyokatwa wakati wa kurekodi haitengenezeki baadaye.

Ikiwa ni mapigo mazito katika herufi «p» na «b» tu, hiyo ni pumzi. Wasemaji wa lahaja za pwani zinazotofautisha «paa» la nyumba na «paa» mnyama, anayetamkwa kwa pumzi, wataona kwamba mnyama ndiye anayeipiga maikrofoni. Isogeze kidogo pembeni, ielekee mdomo lakini isiwe kwenye njia ya pumzi. Kisha weka kizuizi: soksi ndefu ya nailoni iliyovutwa juu ya hanga ya waya iliyokunjwa duara, na kusimamishwa vidole vinne mbele ya wavu, hufanya kazi ileile ya kile cha dukani. Mgeuzo huohuo wa pembeni hupunguza pia ukali wa «s».

Mipasuko midogo na kukatika-katika

Tikisa kebo taratibu huku ukirekodi. Mipasuko ikifuata mkono wako, kebo au soketi imelegea. Kama haifuati, funga programu nyingine zote, ongeza ukubwa wa bafa, yaani akiba ya muda ya sauti, katika programu ya kurekodi, na uhakikishe kwamba Windows na programu zimewekwa kiwango kimoja cha sampuli, yaani idadi ya vipimo vya sauti kwa sekunde, ama 44,100 ama 48,000.

Wakazi wa Mombasa, Unguja, Tanga na Dar es Salaam wana kisababishi cha ziada, nacho ni unyevu. Utando wa kondensa ukipata unyevu hutoa milio midogo kama mafuta yanayochemka kikaangoni, hasa asubuhi. Usiipashe moto wala kuipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele. Iweke usiku mzima ndani ya chombo chenye mfuniko pamoja na vipakiti vya silika, vile vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu, na iwe hapo ndipo makazi yake kila usipoitumia.

Sauti iko sikio moja, au inachelewa

Sauti ya sikio moja inamaanisha kwamba unarekodi njia mbili ilhali maikrofoni ni moja, kwa hiyo chagua mono, yaani njia moja. Kujisikia kwa kuchelewa husababishwa zaidi na hedifoni za Bluetooth, kwa hiyo tumia za waya, zikichomekwa kwenye maikrofoni au kadi yenyewe kama ina tundu.

Umekagua yote na sauti bado haikuridhishi

Hapo sasa ndipo mazungumzo ya kununua yana maana, na msimamo wangu ni huu: katika nyumba yenye watoto, majirani wa karibu, feni na barabara, usinunue kondensa kwa sababu tu imeitwa ya studio. Nunua dainamiki inayosikia kwa karibu. Samson Q2U na Audio-Technica ATR2100x zina USB na XLR kwa pamoja pamoja na tundu la hedifoni, kwa hiyo unaweza kuanza na kompyuta peke yake na kuongeza kadi ya sauti siku nyingine. Mwenye kadi tayari anaweza kutosheka na Behringer XM8500, ambayo ni miongoni mwa zilizo na bei nafuu kabisa. Kondensa ya USB kama Fifine K669 inafaa kwa mwenye chumba kilichotulia na kilichovishwa vizuri.

Ukiuziwa Shure SM58 kwa bei ya kushangaza, iweke kwenye mizani ya jikoni. Halisi ina uzito wa gramu 298, na nyingi za bandia ni nyepesi kuliko hapo. Maikrofoni yoyote unayonunua, omba pia kuijaribu palepale dukani kwa simu au kompyuta yako mwenyewe, na iliyo ya XLR kupitia kadi ya sauti: kwaruza wavu, tikisa kebo, zungumza ukiwa vidole vinne kutoka kwenye wavu, kisha nyamaza kwa sekunde 10 na usikilize kimya hicho kwa hedifoni zako.